Maigizo ya bure bustanini New York: yalianzaje, na nani hulipa?

Swali la msomaji: *Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga na ndiye mlezi wa kikundi cha maigizo shuleni. Niliona habari kwamba Lupita Nyong'o na mdogo wake waliigiza tamthilia ya Shakespeare kwenye bustani huko New York, tena wakaingiza Kiswahili, na watu wakaingia bure. Je, ni bure kweli? Jambo hili lilianzaje, na gharama hubebwa na nani? Sisi hatuna ukumbi, tuna uwanja na mwembe. Tuna la kujifunza?*

Marahaba, dada. Umeuliza maswali manne katika pumzi moja, na yote yana historia ndefu kuliko habari uliyoiona. Nitaanza na hilo la Kiswahili kwa sababu najua ndilo lililokufanya uandike.

Ni kweli. Mwezi Agosti 2025, katika Delacorte Theater, ukumbi usio na paa uliomo ndani ya bustani ya Central Park, ilionyeshwa Twelfth Night. Mwongozaji wake alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Ndani ya tamthilia hiyo kuna pacha wawili, Viola na Sebastian, ambao meli yao imevunjika, kila mmoja akaamini mwenzake amekufa maji. Viola anatupwa na mawimbi katika nchi asiyoijua, anavaa nguo za kiume ili apate kazi na usalama, na tangu hapo mambo yanachanganyikana mpaka mwisho, pacha wanapokutana ana kwa ana. Ali aliwapa nafasi hizo ndugu wa damu, Lupita na Junior Nyong'o, na katika sehemu kadhaa, hasa pale wanapokutana tena, wakazungumza Kiswahili. Kwa mtu aliyeishi ugenini hilo linaeleweka hata kabla ya kufasiriwa. Unaishi kwa lugha ya wenyeji mwaka mzima, kisha unakutana na wa kwenu na ulimi unarudi nyumbani wenyewe.

Na bure ni bure. Tiketi hutolewa siku ileile ya onyesho, kuanzia saa sita mchana, na kila aliye kwenye foleni hupewa mbili tu. Central Park hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo wanaotaka sana huwa wamekwisha kujipanga nje ya lango kabla hakujakucha, na mikeka, vitabu na vyakula vyao. Siku hizi kuna pia bahati nasibu ya simu, na tiketi nyingine hugawiwa katika maktaba na vituo vya mitaani mbali na bustani, ili mtu wa Bronx asilazimike kulala Manhattan. Ukumbi una viti kama 1,800, vimepangwa nusu duara, na tangu ulipofunguliwa zaidi ya watu milioni 5 wameketi humo.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Wanadhani burudani ya jukwaani ndani ya bustani ni uvumbuzi wa Wamarekani hawa. Sivyo. London karne ya 18 walikuwa na Vauxhall, bustani ya starehe kando ya mto Thames, ambayo kuanzia 1729 iliendeshwa na Jonathan Tyers. Watu walikwenda jioni kwa mashua, wakasikiliza muziki, wakatazama mataa maelfu yakiwashwa kwa mpigo mmoja juu ya miti. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na kilikaa hapo kwa miongo mingi. Mwaka 1932, katika Regent's Park ya London, likaanzishwa jukwaa la wazi ambalo lipo hadi leo, na igizo lao la kwanza lilikuwa hilohilo Twelfth Night. Huko nako watu hukata tiketi. Kilicho cha pekee New York ni kwamba mtu mmoja alikataa katakata kuwatoza watu hata dola moja, na nusura mradi wote ufe kwa sababu hiyo.

Mtu huyo ni Joseph Papp. Jina alilozaliwa nalo, mwaka 1921 huko Brooklyn, ni Papirofsky. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji, maskini wa kutupwa. Baba alitengeneza masanduku ya safari, mama alishona, na nyumbani lugha ilikuwa Kiyidi. Shakespeare alimkuta shuleni na katika maktaba za umma. Akiwa mwanafunzi alikariri vipande vya Julius Caesar. Muziki alikwenda kuusikiliza katika bustani ya Prospect Park, ambako bendi zilipiga bure. Yashike hayo mawili, maktaba na bustani, kwa sababu baadaye alipoulizwa kwa nini hataki kiingilio, jibu lake lilikuwa rahisi: kama kitabu cha maktaba hakilipiwi, kwa nini igizo lilipiwe? Yeye mwenyewe asingewahi kumjua Shakespeare kama angetakiwa kununua tiketi.

Mwaka 1954 alikusanya waigizaji vijana katika kanisa moja la Kipresbiteri kwenye mtaa wa East 6th, upande wa watu wa kipato cha chini Manhattan. Mchana aliajiriwa kama meneja wa jukwaa katika kituo cha televisheni cha CBS. Usiku alikuwa kanisani. Kiangazi cha 1956 walitoka nje, wakaomba jukwaa la wazi la East River Park, kando ya mto, lililojengwa kabla ya hapo na lililokuwa halitumiki ipasavyo. Wakaonyesha Julius Caesar, kisha The Taming of the Shrew. Waliokuja walikuwa majirani: vibarua, akina mama na watoto, vijana wa mitaani, wengi wao hawajawahi kuona mtu akiigiza mbele yao. Usiku mmoja alifika Brooks Atkinson, mhakiki wa New York Times, mtu ambaye kalamu yake ingeweza kufunga au kufungua milango ya majumba ya maonyesho mjini. Mvua ikanyesha, igizo likakatika katikati. Atkinson hakuona alichokuja kukihakiki, lakini aliona watu. Akaandika kuwaunga mkono, na baada ya hapo fedha kidogo zikaanza kuja.

Mwaka uliofuata, 1957, ndipo lilipokuja lori. Hili nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu wewe ni mtu wa uwanja na mwembe. Jukwaa lilijengwa juu ya trela. Likiwa safarini limekunjwa. Likifika mahali, mbao zinakunjuliwa pembeni, ngazi zinashushwa, taa zinapandishwa kwenye nguzo, viti vinashushwa kutoka magari mengine na kupangwa kwenye nyasi. Saa chache baadaye ni Verona, mji wa Romeo na Juliet, na Romeo yuko chini ya dirisha. Usiku unapoisha, kila kitu kinakunjwa tena kwenda mtaa mwingine. Walikusudia kuzunguka maeneo yote matano ya jiji hivyo. Lakini vifaa vilichoka upesi, kama vinavyochoka vitu vyote vinavyofungwa na kufunguliwa kila siku, na trela likatia nanga Central Park, kando ya ziwa dogo chini ya ngome ya Belvedere. Simulizi wanayoipenda watu wa New York ni kwamba lilikufa hapohapo na halikuondoka tena. Iwe liliharibika au liliegeshwa, ukumbi wa leo upo mahali hapo.

Mwaka 1958 Papp aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Walimtaka ataje wenzake. Alikataa kutaja jina hata moja. Mwajiri wake akamfukuza kazi. Chama cha wafanyakazi kikampigania, na usuluhishi ukamrudisha kazini kabla mwaka haujaisha. Nalitaja hili kwa sababu mwaka uliofuata lilitumiwa kama fimbo.

Fimbo hiyo aliishika Robert Moses. Kuanzia 1934 ndiye aliyekuwa kamishna wa bustani za New York, na si bustani tu: madaraja, barabara kuu, fukwe, viwanja vya watoto, karibu kila kitu kilichojengwa mjini humo kwa miongo kadhaa kilipita mikononi mwake. Mameya walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Mwanzoni alimpa Papp kibali na hata kumsaidia. Mwaka 1959 akageuka. Akasema ukitaka kuigiza Central Park, toza watu dola moja au mbili, na asilimia 10 ya mapato iende jijini, kwa sababu watazamaji wanakanyaga nyasi na udongo unamomonyoka. Nyasi! Na barua isiyo na jina la mwandishi, inayomtuhumu Papp kwa ukomunisti, ikasambazwa kutoka ofisini kwa kamishna.

Papp angeweza kukubali. Dola moja haikuwa kubwa, na marafiki zake wengine walimshauri asipigane na mtu ambaye hajawahi kushindwa. Lakini alijua jambo ambalo kila aliyewahi kukaa mlangoni na kitabu cha tiketi analijua: dola moja haimzuii tajiri, inamzuia yule aliyekuwa anapita tu. Kijana anayekatiza bustanini akasikia sauti, akasimama, akakaa, huyo ndiye anayepotea ukiweka kamba na meza ya kiingilio. Akaenda mahakamani. Akashindwa. Akakata rufaa, na mwezi Juni 1959 majaji wa rufaa wakaamua kwamba sharti la kutoza kiingilio lilikuwa la kionevu na lisilo na msingi. Wakaongeza kwamba kamishna anaweza kudai gharama halisi za kuandaa eneo. Moses akadai dola 20,000, fedha nyingi mno kwa kikundi kisichouza tiketi. Watu wawili, Florence Anspacher na Edward Bernays, wakatoa dola 10,000 kila mmoja. Kiangazi hichohicho wakaigiza, na igizo lenyewe lilikuwa Julius Caesar, tamthilia aliyoikariri akiwa mtoto maskini Brooklyn.

Miaka michache baadaye Mwalimu Nyerere akaileta tamthilia hiyohiyo kwetu. Tafsiri yake ilitoka 1963, na aliporudia kuirekebisha, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Nitarudi kwenye vitabu hivi viwili, maana bila shaka viko katika kabati la shule yako.

Kabla sijaliacha suala la nyasi, nina neno juu ya nyasi zenyewe. Central Park haikuota. Ni ekari 843 zilizobuniwa na kupangwa kwa mikono, kwa mchoro wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux wa mwaka 1858, na kabla ya mchoro kulikuwa na watu. Upande wa magharibi, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka lilipo jukwaa la leo, palikuwa na kijiji cha Seneca Village. Watu weusi huru walianza kununua viwanja hapo mwaka 1825. Na kiwanja hakikuwa mahali pa kulala tu. Sheria ya New York wakati huo ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mweupe hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo hati ya kiwanja ilikuwa pia kadi ya kura. Walijenga makanisa matatu na shule. Kufikia miaka ya 1850 waliishi hapo watu wapatao 225. Mwaka 1857 wote waliondolewa ili bustani ya umma ipatikane. Kila ninapofundisha habari za Papp na Moses huwa nasimama hapa, kwa sababu wote wawili walisema wanatetea umma, na ardhi waliyokuwa wakiigombania ilikwisha kuchukuliwa kwa jina la umma mara moja.

Baada ya kushindwa mahakamani, Moses alifanya jambo ambalo sijui niliite nini zaidi ya ungwana: alilitafutia jukwaa hilo makao ya kudumu. Jiji likatoa fedha, na mchapishaji George Delacorte akachangia dola 150,000. Ukumbi ukafunguliwa Juni 1962 na kupewa jina lake. Igizo la kwanza lilikuwa The Merchant of Venice, yaani Mabepari wa Venisi, George C. Scott akiwa Shylock, yule Myahudi mkopeshaji fedha. Marabi wa New York walilalamika hadharani, hasa kwa kuwa igizo lingerushwa kwenye televisheni, wakihofu kwamba sura ya Shylock ingechochea chuki dhidi ya Wayahudi. Papp, Myahudi mwenyewe, aliona kwamba Shylock ana haki ya kusikilizwa maneno yake yote.

Lakini mimi namkumbuka zaidi mwigizaji wa nafasi ndogo katika igizo hilo. Utakumbuka kutoka Mabepari wa Venisi kwamba Mwanamfalme wa Moroko anakuja kumposa Portia, na neno lake la kwanza kabisa ni kumwomba asimchukie kwa rangi yake. Usiku ule wa 1962 aliyeyasema maneno hayo ni James Earl Jones, kijana mweusi mwenye sauti ambayo baadaye dunia nzima iliijua. Wakati huo, katika majumba mengi ya maonyesho Marekani, mtu mweusi alipewa Othello, mhusika mweusi wa Shakespeare, akibahatika, vinginevyo mtumishi. Papp tangu mwanzo aliwagawia waigizaji weusi na wa asili ya Kilatini nafasi za Shakespeare bila kuwatafutia visingizio. Jones alirudi bustanini 1964 kama Othello, na 1973 kama Mfalme Lear. Njia waliyopita Lupita na Junior Nyong'o ilikanyagwa hivyo, msimu baada ya msimu, kwa miaka 63.

Sasa, nani hulipa? Shirika linaloendesha maigizo haya, The Public Theater, halitengenezi faida ya mtu binafsi. Mbali na bustani lina jengo lililokuwa maktaba zamani, mtaa wa Lafayette, ambalo Papp aliliokoa lisibomolewe, na ambalo tangu 1967 huonyesha maigizo kwa tiketi za kulipia. Igizo likipendwa sana huhamia Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya biashara mjini humo, na mapato hurudi. Mwaka 1975 igizo lao la muziki, A Chorus Line, lilihamia huko likakaa mpaka 1990. Fedha zake ziliibeba bustani kwa miaka mingi. Mengine hutoka jijini, kwa wakfu, kwa makampuni, na kwa watu wenye uwezo wanaochangia kisha wakahifadhiwa viti. Hilo la mwisho hunikera kidogo, sitaficha, lakini bila hilo foleni ya bure isingekuwepo.

Mfadhili naye ana mkono wa kutoa na mkono wa kuvuta. Mwaka 2017 walionyesha tena Julius Caesar, na Kaizari akavalishwa na kutengenezwa afanane na rais aliyekuwa madarakani. Kaizari huuawa katika tamthilia hiyo, kama ujuavyo. Wafadhili wakubwa wakajiondoa, na waandamanaji wakapanda jukwaani katikati ya igizo. Msimu uliendelea mpaka siku yake ya mwisho. Baada ya Hamlet ya 2023 ukumbi ulifungwa kwa ukarabati mkubwa uliogharimu zaidi ya dola milioni 80, na Twelfth Night ya Saheem Ali ndiyo iliyoufungua. Kuta zake za nje sasa ni za mbao nyekundu zilizotolewa kwenye matangi ya maji yaliyochakaa juu ya paa za majengo ya New York. Mbao zilizokaa na maji miaka yote hiyo zinafaa kukaa na mvua.

Na mvua ndiyo mwenye mamlaka pale. Onyesho halifutwi kabla ya saa yake hata mbingu zikiwa nyeusi. Watu husubiri, maana wingu linaweza kupita. Ndege hupita juu, helikopta pia, na waigizaji wenye uzoefu hujua kusita nusu sekunde hadi mngurumo upungue. Kuna mnyama anaitwa rakuni, mdogo, mwenye mkia wa mistari kama fungo, ambaye huishi bustanini na hukatiza jukwaani wakati wowote anaotaka. Hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo waigizaji huvaa maikrofoni. Lakini kinachofanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote ni jua. Igizo huanza saa mbili usiku. New York mwezi Juni jua huzama kama saa mbili na nusu, kwa hiyo sehemu ya kwanza huchezwa kukiwa bado na mwanga, kisha giza linashuka polepole, taa zinachukua nafasi yake, na ngome ya Belvedere nyuma ya jukwaa inageuka kivuli. Mwongozaji mzuri hupanga kifo au siri iangukie humo.

Hapo ndipo nakuja kwenye uwanja wako. Kwanza, usione kwamba huna ukumbi. Tamthilia hizi ziliandikwa kwa ajili ya majumba ya London yasiyo na paa katikati, yakitumia mwanga wa mchana. Ndiyo sababu waigizaji hukwambia kwa maneno kwamba ni usiku, kwamba mwezi umetoka, kwamba taa imewashwa. Shakespeare hakuwa na swichi. Pili, mambo ya lori na bure si ya ugenini. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiwa na mwalimu wao David Cook, walianzisha kikundi cha maigizo kilichozunguka Uganda na Kenya wakiigiza bure vijijini, kwenye viwanja vya shule na sokoni, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikafanya vivyo hivyo miaka ya 1970. Watu wanaoikumbuka misafara hiyo bado wapo, ukiwatafuta.

Tatu, kibali. Papp alikuwa na wanasheria na mahakama ya rufaa. Wewe una mkuu wa shule, serikali ya mtaa, na pengine ofisi ya utamaduni ya wilaya. Nenda mapema, kwa maandishi, na uwaalike waketi mbele. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga jukwaa la wazi la watu wapatao 2,000 kwa mikono yao. Igizo lao lilinyimwa kibali baada ya wiki chache, na mwaka 1982 serikali ikalibomoa jukwaa lenyewe. Jukwaa la wazi huonekana na kila mtu, na wenye mamlaka hulionea wivu au hofu haraka kuliko ukumbi wenye mlango. Ukiwa na karatasi yenye muhuri unaanza ukiwa umetulia.

Kuhusu tamthilia, shika Juliasi Kaizari, na nakushauri uanze na wala njama. Kuna tukio wanapokutana usiku nyumbani kwa Bruto kupanga mauaji. Bruto na Kasio wanasogea pembeni wakinong'ona, na wale wengine, wakiwa hawana la kufanya, wanaanza kubishana jua litachomoza upande gani. Mmoja anaonyesha huku, mwingine anamkosoa, wa tatu anamtetea wa kwanza, kisha yule mkosoaji anaelekeza kwa upanga wake. Kwenye karatasi utaliruka. Nje, mbele ya watu wanaojua vizuri upande ambako jua lao huchomoza, kila shingo itageuka.

Lakini usiige saa za New York. Tanga jua likizama limezama. Una kama dakika 20 za magharibi, basi. Tukio hilo hutokea takribani dakika 35 au 40 baada ya kuanza, kwa hiyo ukianza saa kumi na mbili kasoro dakika chache jioni, mwanga utakuwa unakatika wakati wala njama wanaingia na kofia zimeshuka usoni. Ratiba ya adhana uipange humo pia, msimame, msubiri, muendelee. Waketishe watazamaji kwenye mikeka jua likiwa mgongoni mwao, ili lisiwapige machoni na liwamulike waigizaji usoni. Usitundike spika, waigizaji wako wasimame mbele ya ukuta wa darasa, utarudisha sauti, na mwembe uwe kando usiifiche. Karabai mbili zitatosha baada ya giza. Ukiwapanga hivyo jukwaa litakuwa mashariki ya watu, na kijana wa upanga akifika kwenye mstari wake mwambie asikisie. Ageuke awape watu mgongo, aelekeze baharini.